Stauti ya Kifalme Haitaki Baridi Kali

Old Rasputin, stauti ya kifalme, yaani bia nyeusi kali, ikitoka moja kwa moja kwenye friji huwa kama imefungwa mdomo. Ukiinusa, unapata harufu ya kuungua basi. Ukiionja, uchungu mtupu. Wengi huishia hapo, wakaamua kwamba bia nyeusi ni dawa. Iache mezani dakika 20 hivi, ifike nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, kisha uirudie. Utakuta kahawa, chokoleti isiyo na maziwa, sukari guru, na kwa nyuma kabisa tende na zabibu kavu.

Sababu iko kwenye pua na ulimi. Kinywaji kikiwa baridi sana, harufu zake hazipandi kutoka kwenye glasi, na ulimi nao hauhisi utamu sawasawa. Unaobaki ni uchungu. Kwa bia nyepesi ya kukata kiu hilo halina madhara makubwa, lakini kwa stauti ya kifalme ni hasara tupu, maana thamani yake yote imo katika harufu na utamu huo. Kwenye baa za Tanzania mhudumu huuliza, "Ya moto au ya baridi?" Anayeagiza bia yake nyeusi "ya moto", yaani isiyopozwa, ana hoja ya msingi. Tatizo ni joto la Dar es Salaam tu: bia ikikaribia nyuzi 30, harufu ya kileo hufunika nyingine zote.

Old Rasputin hutengenezwa na North Coast, kiwanda cha Fort Bragg, California, na ina kileo cha asilimia 9. Asili ya aina hii ya bia ni London ya karne ya 18, ambako kiwanda cha Anchor, eneo la Southwark, kilipika bia nyeusi kali iliyosafirishwa hadi Urusi ya Malkia Katarina wa Pili. Ndipo ulipotoka ufalme wake.

Weusi na ukali ni mambo mawili tofauti. Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ni nyeusi tii, na kileo chake ni asilimia 4.2 tu. Weusi huletwa na sehemu ndogo ya nafaka iliyokaangwa kwa moto mkali. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea, na tangu hapo watengenezaji wakaweza kupata rangi kwa kutumia nafaka chache. Ukali hutokana na wingi wa kimea cha kawaida cha shayiri. Sukari yake ni nyingi kiasi kwamba hamira haiimalizi yote, na inayosalia ndiyo inayoufanya mdomo uhisi uzito.

Basi mimina kidogo katika glasi iliyobana juu, izungushe taratibu, nusa, kisha piga funda dogo na umeze. Usilikimbilie funda la pili. Baada ya kumeza, harufu hupanda kupitia kooni hadi puani, na hapo ndipo mimi huhukumu chupa. Iliyopikwa vizuri huacha joto tulivu kifuani. Ikichoma koo na kunuka kama rangi ya kucha, aghalabu uchachushaji ulifanyika kwenye joto kupita kiasi, na kuisubiri mezani hakutaiponya.

Chupa ya mililita 355 inatosha watu wawili. Ina takriban mililita 32 za kileo halisi; chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina 25. Na ukibahatika kupata chupa mbili, fungua moja sasa, ya pili isimamishe mahali penye giza na ubaridi mwaka mzima. Uchungu wa hopsi utakuwa umepungua, na zile tende na zabibu zitakuwa zimesogea mbele.