Risasi ndogo, bunduki kubwa: chandimu ya walenga shabaha

MASHABIKI wengi wa soka walikumbuka kwamba kuna mchezo unaitwa kulenga shabaha siku ile Yusuf Dikeç, mzee wa Kituruki, aliposimama Paris 2024 na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni kama anasubiri daladala, akaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko akiwa na Şevval İlayda Tarhan. Baada ya hapo wanamichezo kibao duniani wakawa wanashangilia kwa staili yake. Kabla ya hapo, sisi wa Ligi Kuu neno 'shooting' tulilijua kwa Ruvu Shooting ya Masau Bwire na Mgambo Shooting ya Tanga tu.

Lakini wenye mchezo wao wapo, na wengi wako kambini. Kulenga shabaha ni moja ya michezo ya Bammata, Baraza la Michezo ya Majeshi Tanzania, pamoja na soka, netiboli, ngumi na riadha. Raia wa Tandika au Tandale hana pa kuanzia. Na hata kambini kuna swali linalowasumbua makocha wa mchezo huu dunia nzima: unafanyaje mazoezi ya kutosha wakati kila risasi inayotoka ni pesa inayoteketea?

Kwanza tuelewane ugumu wenyewe. Penalti inapigwa mita 11. Bunduki ya upepo kwenye Olimpiki inapigwa mita 10, yaani mpigaji yuko karibu kuliko straika kwenye penalti, ila goli lake si la mita 7.32. Alama ya pointi 10 ina upana wa nusu milimita. Ile ya mita 50, ambayo ni karibu sawa na kutoka katikati ya uwanja hadi mstari wa goli, inatumia risasi ndogo ya .22, na duara la pointi 10 lina milimita 10.4. Hapo unapiga ukiwa umepiga magoti, umelala na umesimama. Huwezi kufika huko kwa kupiga risasi 20 kwa mwezi.

Ndiyo maana wenzetu wakabuni kifaa cha kubadilisha. Unachukua bunduki kubwa inayojipakia yenyewe, unatoa bolti na magazini yake, unaweka bolti na magazini ya .22. Mtutu, kitako, triga na kifaa cha kulengea vinabaki vilevile. Jeshi la Marekani lilikuwa na cha kwake kwa ajili ya M16, kiliitwa M261. Faida ya kwanza ni bei, maana .22 ni rahisi kuliko risasi kubwa kwa mbali. Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni woga. Kuruti akipigwa teke la bega mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla hajavuta triga. Kwa .22 hakuna teke la maana na kelele ni ndogo, kwa hiyo anajifunza kuvuta taratibu na kupumua vizuri.

Hii ni chandimu, kwa lugha yetu. Mtoto aliyekulia kwenye chandimu anakuwa na mguso mtamu, lakini mpeleke Uwanja wa Bandari kwenye Ndondo, upepo unavuma na krosi inatoka mita 40, hapo utajua nini hakufundishwa. Risasi ndogo inashuka mapema na upepo unaisukuma kirahisi. Ukirudi kwenye risasi kubwa lazima urekebishe ulengaji upya.

Sasa kuchagua. La kwanza ni kipenyo cha mtutu, na hapa wengi wangeumia. Bolti hizi zinafanya kazi kwenye bunduki za milimita 5.56 kwa sababu risasi ya .22 ina karibu upana huohuo. SMG, kama polisi wetu wanavyoita ile familia ya AK, ni 7.62. Ukiweka .22 humo, risasi inapita inayumba kama mpira wa miguu kwenye bomba la mtaro, haishiki mifereji ya ndani. Hapo bolti peke yake haitoshi, unahitaji na mtutu mdogo wa kuingiza ndani.

La pili ni mzunguko. Mtutu wa .22 huizungusha risasi mara moja kila sentimita 40 hivi. M16 za kisasa zinazungusha kila sentimita 18. Kwa mazoezi ya mita 25 hutaona shida sana, ila kwa mashindano ya mita 50 usidanganyike. Halafu kuna uchafu: .22 nyingi ni laini, masizi na madini yake vinaganda kwenye tundu la gesi. Asiyependa kusafisha asinunue. Na magazini ichague baada ya kuijaribu na aina kadhaa za risasi, kwa sababu zinachagua kama mtoto anayechagua mboga.

Kwa hiyo kocha wa kambi anayetaka kuruti aizoee bunduki yake mwenyewe, kifaa hiki ni sawa. Anayetafuta medali anunue bunduki ya .22 iliyotengenezwa kwa .22, basi. Hata mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha uliacha risasi kubwa za mita 150 na kuhamia .22 mita 50 tangu 1978, na utamu haukupungua.

Na .22 si mdoli. Inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Mkazi wa Mbagala aliyepitia milipuko ya 2009, au wa Gongo la Mboto aliyekimbia 2011 akalala Uwanja wa Uhuru, hutamwambia habari ya kufungua uwanja wa risasi mtaani kwake akakuelewa, na yuko sahihi. Silaha hapa ni kibali cha Polisi kwanza, na hata bunduki ya upepo ulizia kabla hujaishika.

Ila ya upepo ndiyo mlango wa raia. Abhinav Bindra alitumia hiyohiyo Beijing 2008 na kuipa India dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmojammoja kwenye Olimpiki. Sisi medali zetu bado ni zile mbili za fedha za Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Inahitaji ukumbi wenye nafasi ya mita 10, ukuta imara nyuma, taa nzuri na msimamizi mkali. Kumbi za saizi hiyo Temeke na Kinondoni zimejaa, kwa sasa zinakodishwa kwa vikao vya harusi.