Mbona mpira unapenya mlingoti?

Cheki hii. Unacheza gemu ya soka, unachapa shuti kali, mpira unapita katikati ya mlingoti kama hewa. Unalaani simu. Simu haina makosa, msee. Kosa liko kwenye hesabu, na hesabu hiyo imeninyima usingizi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikabaki na laptopu ya mtumba na ndoto ya kuunda gemu yangu. Sasa piga hesabu nami: mpira unakimbia mita 30 kwa sekunde, kompyuta inauangalia mara 60 kwa sekunde. Kabla iangalie tena, mpira umesonga nusu mita! Mlingoti una sentimita 12 tu. Mpira ulikuwa mbele yake, sasa uko nyuma, na kompyuta haikuona mgusano wowote. Dawa ni kugawanya muda vipande vidogo zaidi.

Niligawanya. Mpira ukaanza kuzama uwanjani. Nilikuwa natumia njia ya adhabu: unauacha mpira uingie ardhini kidogo, halafu unausukuma kama springi. Springi ikiwa laini, unazama. Ikiwa ngumu mno, unarushwa mbinguni. Wangu ulitoweka saa nane usiku, nikacheka peke yangu.

Kuna njia safi zaidi, ya vizidishi vya Lagrange. Kuingiliana ni marufuku, na kompyuta inatafuta yenyewe nguvu inayotosha kuzuia. Noma ni kwamba hujui mapema sehemu zipi zitagusana. Unakisia, unapiga hesabu. Ukipata mahali vitu vinavutana badala ya kusukumana, unapaachilia, unarudia.

Utajuaje umepatia? Muulize Heinrich Hertz, ndiyo, yule wa masafa ya redio. Mwaka 1882, akiwa kijana kama sisi, alitoa hesabu ya vioo vya mviringo vinavyogandamizana. Chukua gololi mbili. Ukitaka zibonyee mara mbili ya mwanzo, nguvu lazima ipande karibu mara 2.8, kwa sababu eneo la mgusano linapanuka.

Programu yangu ilisema mara 2 kamili. Wiki nzima nimeifumua, na juzi imetoa 2.83. Mathe akauliza kama hiyo inalipa karo. Bado. Sasa napambana na msuguano, maana mpira wangu unateleza tu, haubingiriki.