Diski mbili ndani ya nyumba moja si akiba

MUSCAT – Juni ni mwezi mgumu hapa Muscat. Kuna siku joto hupindukia nyuzi 45, na linalomchosha mtu huichosha na mashine. Usiku mmoja wa mwezi huo, kisanduku cha nyumbani kwangu kinachohifadhi mafaili ya familia nzima kilianza kulia: tak, tak, tak.

Ndani yake mlikuwa na diski mbili zilizopangwa kwa mfumo wa RAID: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye pacha wake. Nikijiona mjanja. Ikifa moja, nyingine ipo.

Asubuhi nikanunua diski mpya, nikaipachika mahali pa ile iliyokufa, na kisanduku kikaanza kunakili kutoka kwa pacha. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na diski iliyobaki hulazimika kusomwa yote, mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Haikufika alfajiri, nayo ikafa. Zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikazeekea katika joto moja. Kwa nini zisifuatane?

Humo mlikuwa na sauti ya ami yangu. Kabla hajafariki, Mungu amrehemu, alinisimulia katika kaseti 26 safari zake za majahazi kutoka Sur hadi Unguja, akienda na kaskazi na kurudi na kusi. Kaseti zenyewe nilizitupa nilipohama nyumba, kwa hoja kwamba "zimo kwenye kompyuta." Mafundi wa kufufua diski walinijibu kwa ufupi: kichwa cha kusomea kimekwangua sahani, hakuna cha kuokoa.

Ndugu msomaji, mfumo wa pacha hukinga jambo moja tu, nalo ni kufa kwa diski moja. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kote kuwili. Mwizi hubeba kisanduku kizima.

Na maji hayachagui. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, mafuriko yaliingia hadi ndani ya nyumba za watu hapa Muscat. Kwetu Unguja, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultan Barghash na baadaye likawa makumbusho, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020. Vilivyowekwa pamoja huondoka pamoja.

Wala usingoje dalili. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Diski huwa na kipimo chake cha afya kiitwacho SMART, lakini zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha kasoro yoyote katika kipimo hicho. Ukipata onyo, shukuru na unakili siku hiyo hiyo. Ukisikia tak tak, zima. Usiiwashe mara kwa mara kujaribu bahati, wala usiifungue, kwani chembe ya vumbi inatosha kuiharibu.

Kanuni ya wanaohifadhi kumbukumbu ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Nami naongeza la nne: kila baada ya miezi michache fungua faili moja katika kila nakala, ulisikilize. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Kaseti 11 kati ya zile 26 zimerudi. Hazikurudi kwa ujanja wangu. Miaka kadhaa nyuma dada yangu aliyeko Unguja aliniomba amsikie ami, nikampelekea flashi kwa mkono wa msafiri, na yeye akaiweka ndani ya mkoba wake wa vyeti. Kaseti 15 zimekwenda na mwenyewe.

Sisi tuliotawanyika, huyu Muscat, yule Unguja, mwingine London, tumezoea kuulilia utawanyiko huu. Basi kwa hili tuutumie. Msafiri wako ajaye mpe diski ndogo iliyofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe limfikie ndugu yako kwa njia nyingine. Akiba haiozi, lakini isikae yote chini ya dari moja.