Kuvuliwa na Kujivua: Uchi wa Kitambiko na Tafsiri ya Sheria, kwa Kuzingatia Sekta ya Gitambi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana ya uchi wa kitambiko kwa kulinganisha miktadha mitatu: upagani mamboleo uliochipuka Uingereza, ibada ya kubandwa nchini Rwanda, na laana ya akina mama nchini Kenya na Uganda. Hoja kuu ni kwamba maana ya uchi haimo mwilini. Imo katika maswali matatu: nani amevua, mbele ya nani, na ndani ya mpaka upi. Sheria isiyouliza maswali hayo huweza kumwadhibu mlalamikaji na kuliacha lalamiko lake likining'inia. Sekta ya Gitambi inatumika kama mahali pa kuipimia hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, mvuliwa nguo huchutama. Methali hii inachukulia kwamba aibu ya uchi humwangukia aliye uchi. Hata hivyo, sarufi yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Mvuliwa ni mtendwa. Kuna mtu mwingine aliyemvua. Kitambiko hutumia kauli nyingine, yaani kujivua. Anayejivua hachutami. Husimama, na mara nyingi ni mtazamaji ndiye anayeinamisha uso. Tofauti hiyo ya viambishi ndiyo msingi wa mjadala unaofuata.

2.0 Uchi ndani ya duara: upagani mamboleo

Dini ya Wika ilijulikana hadharani baada ya Uingereza kuifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 hapo mwaka 1951. Gerald Gardner (1884–1964), mtumishi wa forodha mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi Malaya, alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu uchawi mwaka 1954. Kikundi chake kilikutana Bricket Wood, Hertfordshire, katika uwanja wa klabu ya watu waliopenda kukaa bila nguo. Wafuasi wake huita hali hiyo "kuvikwa anga", dhana inayofanana na jina la watawa wa Kijaini wa India, Digambara, yaani waliovikwa mbingu.

Sababu zinazotolewa ni tatu: nguvu za mwili hazizuiwi na kitambaa, matabaka huanguka pamoja na mavazi, na uchi ni ishara ya uhuru. Si wapagani wote wanaofuata desturi hii. Wengi huvaa majoho. Muhimu kwetu ni kwamba uchi huu hubaki ndani ya duara lililowekwa wakfu, miongoni mwa watu waliokubaliana. Haumlengi mtu aliye nje.

3.0 Kubandwa: mwiko unaovunjwa ndani ya mpaka

Rwanda ina mfano wake wa mpaka wa aina hiyo. Katika ibada ya kubandwa, waumini huingizwa katika jamii ya imandwa, mizimu inayoongozwa na Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Mti wa umuko, wenye maua mekundu, ni mtakatifu kwa sababu ya kifo hicho, na makazi ya Ryangombe husemwa kuwa mlima Karisimbi. Asiyeingizwa huitwa inzigo. Wahutu, Watutsi na Watwa waliweza kuingizwa.

Wakati wa ibada, maneno ambayo nje yangekuwa matusi mazito husemwa waziwazi, na mwingizwaji hupokea hadhi mpya. Wamisionari Wakatoliki, waliofika Save mwaka 1900 na Mibilizi, katika eneo la Cyangugu, mwaka 1903, waliyachukua mambo hayo kuwa upotovu na kuyapiga vita. Walichokiona ni mwiko uliovunjwa. Mpaka uliokuwa ukiupa uvunjaji huo maana haukuingia katika hesabu yao. Kosa hilo la usomaji ndilo linalorudiwa na sheria za leo.

4.0 Laana ya mama: uchi unaovuka mpaka

Aina ya tatu ni kinyume cha duara. Hapa mwanamke, kwa kawaida mzee au mzazi, hujivua hadharani, mchana, mbele ya mtu maalumu. Katika pwani yetu dhana iliyo karibu nayo ni radhi: mama aliyekasirishwa kupita kiasi anaweza kumwachia mwanawe radhi mbaya. Kumwonyesha mtu mahali alipotoka ni kumwambia kwamba ameukana uzazi wenyewe.

Machi 16, 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Viongozi wanaume walipowataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua gauni lake na kuwaambia wanaume wachukue nguo zake nao wampe suruali zao. Wagikuyu hukiita kitendo hicho guturamira. Umati ulisonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa.

Miaka 70 baadaye, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika bustani ya Uhuru, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi 1992, baadhi ya wazee hao walijivua mbele yao. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints na kuendelea na madai yao. Wengi wa wana wao waliachiliwa mwanzoni mwa 1993. Mwezi Aprili 2015, huko Apaa, kaskazini mwa Uganda, wanawake wazee walijivua mbele ya mawaziri wa serikali waliofika kusimamia uwekaji wa mipaka ya ardhi.

Katika matukio haya yote, mlengwa ni mwenye mamlaka, na njia nyingine za kusikilizwa ziliaminiwa kuwa zimefungwa.

5.0 Kutoka maana hadi sheria: Gitambi

Gitambi ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, iliyopakana na Kongo na Burundi. Makala haya hayaripoti tukio lililotokea huko. Yanauliza tu: likitokea, afisa wa sekta angelisomaje?

Kifungu cha 143 cha Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 kinaadhibu kitendo cha aibu hadharani kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2. Kwa msingi huo, bibi anayejivua mbele ya wapima ardhi na kijana anayetembea uchi kwa mzaha wanaweza kuwekwa katika kapu moja. Nchini Kenya, marekebisho ya Desemba 2014 yaliongeza kosa la kumvua mtu nguo, baada ya wanawake kushambuliwa katika vituo vya magari. Hatua hiyo inaonyesha kwamba sheria inaweza kutofautisha kuvuliwa na uchi wa aina nyingine. Kilichobaki ni kutambua pia kujivua.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, afisa aandike lalamiko kabla ya kuandika kosa: nani alilengwa, na kwa jambo gani. Pili, iwapo lalamiko ni la ardhi au la familia, lifikishwe kwa abunzi, wapatanishi walio karibu na wananchi, kadiri mamlaka yao yanavyoruhusu. Tatu, ibada inayofanyika faraghani miongoni mwa watu wazima walioridhia, iwe ya Wika au ya kubandwa, isihesabiwe kuwa ya hadharani. Lakini ridhaa ichunguzwe kwa dhati, kwa kuwa duara linaweza pia kumficha anayevuliwa kwa shinikizo.

6.0 Hitimisho

Uchi wa duara hutafuta uhuru wa walio ndani. Uchi wa laana hudai haki kwa aliye nje. Sheria inayosikia aibu pekee itamfunga mama na kuuacha mpaka wa shamba ulivyokuwa. Mshauri wa sera anapaswa kuanza na kauli ya kitenzi: je, amevuliwa, au amejivua? Akivuliwa, anahitaji kulindwa. Akijivua mbele ya mwenye mamlaka, anahitaji kusikilizwa.