Picha Ikiganda, Busta Ndiyo Dawa ya Mwisho

Mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Mitambo ilibadilika, lakini namna tunavyotibu picha mbovu imebaki ileile. Enzi ya analojia, mawimbi yalipodhoofika picha iliingia chenga kidogo kidogo, na mwenye nyumba alijua mapema kwamba antena imegeuka au waya umechoka. Alichohitaji mara nyingi ni nguvu zaidi: mlingoti mrefu, antena kubwa, au busta. Siku hizi picha ikiganda na sauti ikikatika, dawa ya kwanza kutajwa bado ni busta. Nadhani hapo ndipo fedha nyingi za familia zinapopotea bure, kwa sababu televisheni ya dijitali haihitaji nguvu peke yake. Inahitaji mawimbi safi, na usafi huo busta haiwezi kuurudisha ukishapotea.

Ukiingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya mipangilio ya usakinishaji, utakuta vipimo viwili. Kimoja kinaonyesha nguvu ya mawimbi, kingine ubora wake. Cha nguvu hujumlisha kila kinachofika kwenye masafa hayo, matangazo pamoja na kelele za umeme na za mitambo mingine. Cha ubora ndicho kinachoonyesha matangazo yamezishinda kelele hizo kwa kiasi gani. Busta hukuza matangazo na kelele kwa pamoja, kisha huongeza kelele kidogo iliyozaliwa ndani yake yenyewe. Ni sawa na kuweka kipaza sauti katikati ya soko ili kumsikia mtu mmoja anayezungumza: sauti yake itapanda, na ya soko nayo itapanda. Ndiyo maana mtu anaweza kununua busta, akaona kipimo cha nguvu kimeruka hadi tisini, na picha ikaendelea kuganda kama jana.

Dijitali ina jambo jingine linalotupotosha. Matangazo hurushwa yakiwa na taarifa za ziada za kusahihisha makosa, na king'amuzi huyakarabati yaliyoharibika njiani bila mtazamaji kujua. Ubora ukiwa juu sana au ukiwa wa wastani, picha unayoiona ni ileile. Ukishuka chini ya kikomo fulani, ukarabati unashindwa na picha inaporomoka ghafla. Kwa hiyo dishi linaweza kuwa limesogea miezi mitatu iliyopita na hakuna aliyegundua, kwa kuwa akiba ya ubora ilikuwa inaficha. Mvua ya kwanza inapomaliza akiba hiyo, lawama zote zinaiendea mvua.

Mvua kweli huyadhoofisha mawimbi ya setilaiti. Vituo vingi vya kulipia vya setilaiti hutumia masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa huyanyonya na kuyatawanya. Dhoruba ya masika inaweza kulishinda hata dishi lililofungwa vizuri, kisha picha ikarudi yenyewe baada ya dakika chache. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni picha kukatika kwa manyunyu. Dishi linalozidiwa na rasharasha halina akiba, na sababu ya kawaida ni mwelekeo. Dishi la sentimita 90 huona sehemu nyembamba mno ya anga, takribani nyuzi mbili tu, hivyo likikosea kwa uzi mmoja hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Uzi mmoja ni kiasi ambacho bolti iliyolegea, upepo wa kusi au kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye mlingoti huweza kulisogeza dishi bila jicho kuona. Mti nao hukua. Ukiwa Dar es Salaam, setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, hivyo mwembe wa jirani hauizuii. Lakini iliyo nyuzi 7 mashariki iko upande wa magharibi na chini zaidi, na mwembe uleule ukitanuka unaweza kusimama katikati ya njia, hasa majani yakiwa yameloa.

Kabla ya kupanda juu, tazama ni chaneli zipi zimepotea. Kwa bahati mbaya ushahidi huu wachache huutumia. LNB ya kawaida, yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, hupokea amri kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya uleule unaoleta picha. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB hupokea mawimbi yaliyosimama wima. Kikipeleka volti 18, hupokea yaliyolala. Ishara ndogo ya kilohezi 22 huiamuru ihamie masafa ya juu. Sasa, waya au koneta ikiwa imeliwa na kutu, volti 18 zinapungua njiani, LNB inadhani imeambiwa 13, na kundi zima la chaneli linatoweka huku lingine likionekana safi kabisa. Hapo kulizungusha dishi ni kuharibu kilicho kizima. Chaneli zikipotea zote kwa pamoja, shaka inaelekea kwenye waya, LNB au mwelekeo. Ikitoweka chaneli moja tu, huenda tatizo liko kwa mrushaji. Na king'amuzi kikiandika kwamba kifurushi kimeisha au kadi haisomeki, ilhali vipimo viko juu, tatizo halimo kwenye mawimbi kabisa.

Kwa antena za kawaida, zinazopokea kutoka minara ya ardhini, mantiki ni hiyohiyo. Mnara mmoja hurusha masafa kadhaa, na kila masafa hubeba chaneli nyingi. Yakipotea masafa mamoja huku mengine yakiwa imara, mara nyingi mawimbi yaliyogonga ukuta, mlima au bati yamerudi na kugongana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Kuisogeza antena hatua moja kushoto au kulia husaidia kuliko kuiongezea nguvu. Antena iliyowekwa ndani ya nyumba yenye paa la bati inajinyima mawimbi, basi itoke nje. Ikiwa ni ile ya vijiti vilivyopangwa kwenye mti mmoja, vijiti vifupi ndivyo vielekee mnara, na vilale au visimame kama vilivyo vya majirani wanaopokea vizuri.

Nikitakiwa kutaja mkosaji mmoja, nitataja koneta ya nje. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi huingia kwenye viungo na kuila shaba, na maji ya mvua hufuata waya ndani ya ganda lake hadi yanakuta king'amuzi. Zima king'amuzi kwenye umeme kwanza, kwa kuwa waya wa dishi unabeba volti, kisha fungua koneta. Shaba ya katikati inatakiwa kung'aa. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata kipande hicho, funga koneta mpya, izungushie utepe wa mpira usiopitisha maji, na uache waya uning'inie kidogo kabla haujaingia ukutani ili maji yadondoke nje. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha soma vipimo tena. Anayebadilisha waya, LNB na mwelekeo kwa mpigo hatajua kilichoponya, wala hatajua alipoharibu. Jaribio la haraka zaidi ni kuchukua king'amuzi cha jirani mwenye huduma ileile na kukichomeka kwenye waya wako: kikifanya kazi, dishi halina kosa.

Wapo watakaosema jirani yao ana busta na picha yake haigandi. Inawezekana. Huenda yuko mbali na mnara, waya wake ni mrefu, au anagawa mawimbi kwa televisheni tatu; hapo busta ina kazi halali, ya kufidia kinachopotea ndani ya waya. Lakini hata hapo mahali pake ni juu kwenye mlingoti, karibu na antena, kabla mawimbi hayajachakaa, si nyuma ya televisheni sebuleni ambako wengi huifunga. Aliye karibu na mnara wa simu anaweza kuumizwa nayo, kwani busta ya kawaida hukuza pia mawimbi ya simu ya megahezi 700 na 800 yaliyo jirani na ya televisheni, hadi yenyewe inalemewa. Na antena yenye busta ndani yake isipopelekewa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi hupokea vibaya kuliko antena ya kawaida.

Wengine watasema haya ni kazi ya kampuni, mteja analipia huduma. Kuna hitilafu za upande wao, na nyingine hazina mkosaji: siku chache karibu na 21 Machi na 23 Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti na picha hukatika dakika chache, saa karibu ileile kila siku. Lakini mteja asiye na vipimo hana la kusema simuni isipokuwa kwamba picha ni mbaya, na atajibiwa azime na kuwasha. Soma vipimo siku ya jua kali, picha ikiwa nzuri, uandike namba hizo nyuma ya king'amuzi. Fundi akija, mwombe akuonyeshe ubora kabla hajagusa kitu na baada ya kumaliza, kisha mlipe.