Ruashi yangoja umeme unaovuka mipaka

LUBUMBASHI – Jioni ikifika katika komine ya Ruashi, wakaaji huangalia kwanza taa kabla ya kuamua watapikia nini. Umeme ukiwa umekatika, bukari hupikwa kwa makala, mwenye kinu cha unga hufunga mlango, na fundi wa kuchomelea vyuma hungoja hadi usiku wa manane. Kila mtu anajua jina lake: delestaji.

Si kwamba Kongo haina maji ya kutoa umeme. Laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1.700 hivi, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha viwanda vya shaba vya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi visivyo na balbu hata moja. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, nalo lilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi. Raia walikuja nyuma, na katika foleni hiyo hawajasogea sana.

Kwa upande wa siasa, SNEL, kampuni ya taifa ya umeme, ni mwanachama wa soko la umeme la Kusini mwa Afrika (SAPP), lililoundwa mwaka 1995 na lenye ofisi Harare. Kongo imo pia katika umoja kama huo wa Afrika ya Kati, wenye makao Brazzaville, na ule wa Afrika ya Mashariki, Addis Abeba. Nchi moja, meza tatu.

Lakini kwa Lubumbashi jirani anayehesabika ni Zambia, kwani waya zake zimeungana na za Katanga. Ukame ulipoifanya Zambia itangaze msiba wa taifa, Februari 2024, maji ya Kariba yalishuka na Wazambia wenyewe wakakaa gizani saa nyingi. Nchi iliyofika hapo ni vigumu kuitegemea.

Sheria ya Juni 2014 iliruhusu kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Januari 2025, mjini Dar es Salaam, Kongo ilikuwa kati ya nchi 12 zilizoleta mipango yao, katika mradi wa kufikishia umeme Waafrika milioni 300 kabla ya mwaka 2030. Ruashi haikungoja: mwenye uwezo ananunua pano ya jua. Inatosha kwa taa na simu, kinu hakizunguki.

Mgodi wenye pesa unaweza kutia sahihi mkataba na kununua umeme nje ya nchi. Kartie haiwezi. Na kati ya zile meza tatu, hakuna inayopanga ni avenii gani ya Ruashi itawashiwa usiku huu. Hilo huamuliwa Lubumbashi kwenyewe.