Jeshi lilimstaafisha Baba akiwa na miaka 47, sufuria zikamrudisha kazini

Ukipanda matatu Nakuru mjini kuelekea Nairobi, utafika Lanet hata kabla makanga hajakurudishia chenji. Wengi wanaijua kwa sababu ya kambi ya jeshi. Sisi tuliokulia hapa tunaijua pia kwa wazee wake ambao si wazee: wanaume wa miaka 40 na kitu, mgongo umenyooka, viatu vinang'aa, na asubuhi hawana pa kwenda.

Mwanajeshi hangoji miaka 60 kama mfanyakazi wa kawaida wa serikali. Cheo chake na miaka aliyotumikia ndivyo vinavyoamua, kwa hivyo wengi wa vyeo vya chini hutoka wakiwa bado na nguvu zao, na watoto bado wako shule. Baba yangu alitoka mwaka wa 2015 akiwa na miaka 47. Kazi yake jeshini ilikuwa upishi. Mimi nilikuwa bado msingi, na nakumbuka tulifurahi sana, kwa sababu tulidhani kiinua mgongo ni pesa isiyoisha.

Zaidi ya nusu ya hiyo pesa ilinunua matatu. Ya mkono wa pili, viti 14. Ukimuuliza leo kwa nini matatu, anacheka: "Kila mtu aliyetoka kabla yangu alikuwa amenunua matatu." Hakuwahi kufanya kazi ya barabarani hata siku moja. Hakujua dereva anapaswa kuleta kiasi gani jioni, hakujua mekanika akisema injini imekufa anadanganya au la. Baada ya miezi 14 aliiuza kwa bei ambayo Mama hataki itajwe mezani. Mimi wakati huo niko kidato cha pili, na muhula huo nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara mbili.

Lakini pesa haikuwa ndiyo iliyonitisha. Baba aliendelea kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Anaoga, anapiga viatu rangi, anakaa sebuleni. Basi. Mtu aliyekuwa anawalisha watu mia tatu kabla jua halijachomoza sasa anasikiliza redio akingoja chai. Tukimsalimia anajibu, tukinyamaza ananyamaza.

Kilichomtoa hapo ni matanga. Jirani yetu alifiwa, na akina mama wa chama cha Mama walikuwa wanapikia watu kama mia mbili. Mchele ulikuwa unaungua upande mmoja na upande wa pili ni mbichi. Baba alikuwa amekaa na wanaume wenzake kwenye hema. Akasimama, akaenda jikoni, akaomba mwiko. Kufikia saa sita mchana kila mtu alikuwa na kazi yake: wewe kabeji, wewe kuni, wewe maji ya kuosha vyombo, na hakuna anayepakua mpaka foleni ikae sawa. Siku hiyo watu wanne walichukua nambari yake ya simu.

Nimefikiria sana kuhusu hilo. Tunapenda kuwaambia watu waliopita miaka 45 waanze upya, kana kwamba yale waliyoyafanya miaka 25 ni ya kutupwa. Matatu ndiyo ilikuwa kuanza upya. Sufuria zilikuwa kuendelea.

Mfano mwingine ninaoupenda uko juu kidogo, Nandi. Priscilla Sitienei, aliyejulikana kama Gogo, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 2010, akiwa na miaka themanini na kitu, aliingia shule ya Leaders Vision huko Ndalat akavaa sare na kukaa darasani na watoto, baadhi yao aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Alitaka kujua kusoma na kuandika ili ujuzi wake wa ukunga na wa dawa za miti usipotee naye. Aliendelea na shule mpaka alipofariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99. Hakuacha ukunga ili awe kitu kingine. Alikwenda kutafuta kalamu ya kuuandika.

Na hapa hapa Lanet Umoja tulikuwa na chifu, Francis Kariuki. Akiwa na miaka 40 na kitu alianza kutumia Twitter kufanya kazi ile ile ya baraza: wezi wameingia kwa mwalimu usiku, kondoo amepotea, kuna mkutano. Waliokuwa na simu za kawaida walipokea ujumbe wake kama SMS. Kufikia 2012 waandishi wa nje ya nchi walikuwa wanafunga safari kuja kumwona. Kazi ilikuwa ile ya zamani, chombo ndicho kilikuwa kipya.

Kwa Baba, chombo kipya kilikuwa simu, na hapo alichomeka vidole kwanza.

Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ruracio upande wa Bahati, watu 80, shilingi 35,000. Mteja alikuwa muungwana, akatuma pesa yote Jumanne kwa laini ya Baba. Laini ile ile ya nyumba. Kufikia Ijumaa 12,000 zilikuwa zimeenda karo yangu, 5,000 kwa ndugu yake aliyekuwa na shida, 2,000 kwa chama. Zimebaki 16,000 na vyakula vinahitaji 22,000. Akakopa 6,000 kwa simu usiku huo ili anunue nyama. Watu walikula wakashiba, wakamsifu, na yeye akarudi nyumbani na deni.

Hapo ndipo nilijiona mtaalamu, ingawa sikuwa hata nimeingia Egerton. Miaka michache baadaye, nikiwa nasomea masoko kule Njoro, nilimchorea nembo, nikamwandikia hata kauli mbiu. Aliangalia akasema, "Mami, hii ni nzuri. Lakini mimi nahitaji visu." Alikuwa sahihi. Kilichomsaidia si nembo, ni mambo ya kawaida sana.

Kwanza alichukua nambari ya till ya biashara. Pesa ya mteja inaingia huko na haigusani na pesa ya stima na unga wa nyumbani. Kila baada ya kazi anajilipa mshahara kutoka till kwenda laini yake, kiasi alichopanga, hata kama kazi ilikuwa kubwa. Kinachobaki ni cha kununulia. Jamaa wakipiga simu wakiwa na shida anawaambia mshahara umeisha, na si uongo.

Pili, tulipakua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu tukaisoma pamoja mezani, mstari kwa mstari. Kazi 11. Tatu zilikuwa hasara tupu, na zote tatu zilikuwa za watu anaowajua, waliosema "tutamalizana baadaye." Tangu siku hiyo, nusu inalipwa kabla ya kununua hata kitunguu, na salio linaingia kabla chakula hakijapakuliwa. Mwanzoni aliona aibu kudai. Nilimwambia amtumie mteja nambari ya till kwa ujumbe na kiasi kikiwa kimeandikwa, ili asilazimike kutamka. Wateja wengi hulipa bila neno.

Jambo moja bado linanikera. Mtu anayepokea pensheni anawindwa. Kuna siku Baba alipigiwa na kijana mwenye sauti ya ofisini, anajua jina lake lote, anamwambia kuna malimbikizo yake lakini faili imekwama, atume 4,500 ya kuifungua. Baba alikuwa tayari ameshika simu. Alichoshtukia ni kwamba nambari aliyopewa ilikuwa ya mtu binafsi. Kama una mzazi aliyestaafu, mwambie leo: huduma za serikali kuu zinalipiwa eCitizen, paybill 222222, na hakuna mtu wa ofisi yoyote, hata yetu, anayestahili kuijua PIN yako. Akikuharakisha, kata simu.

Sasa Baba ana miaka 57. Siku za hafla anaita vijana wanne wa hapa, na anawalipa kwa simu jioni ile ile, kabla hawajavua aproni, kwa sababu anajua kibarua anayeambiwa "kesho" harudi. Amewasukuma pia wajiunge na Haba Haba ya NSSF, ile ya waliojiajiri inayoanzia shilingi 25 kwa siku. Wawili wameanza. Wawili wanasema bado ni vijana, naye hubishana nao kila Jumamosi.

Hajawa tajiri. Kuna miezi, hasa Januari, ambapo hakuna anayeoa na anakaa tu. Lakini viatu sasa vina madoa ya mafuta, na Mama ndiye anayelalamika.

Mwezi uliopita rafiki yake wa kambini alikuja nyumbani. Anatoka jeshini mwaka huu, na tayari ameonyeshwa matatu, bei nzuri, inauzwa haraka. Alitaka Baba amsindikize kuiangalia. Baba alimuuliza jeshini alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo. Fundi wa umeme, akasema. Baba akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kabla hajalipa chochote aje naye Jumamosi tatu, kwa sababu hema zinahitaji taa na kila mara wanaolalamikia giza ni wateja.

Jumamosi ya kwanza alikuja na waya zake. Taa zilipowaka saa moja jioni, mwenye hafla alimfuata nyuma ya hema kumwomba nambari, naye hakuwa na till, akawa anatoa ya Baba.